Nimekaa nyumbani miaka 11, hii mikopo ya halmashauri inatuhusu na sisi au ni ya wenye biashara tu?

sindano_na_uzi:
Habari zenu wadau. Naomba mawazo, na wale wa kutukana nawaomba mpite tu kimya kimya.

Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Kivule hapa Dar, umri 36. Nilimaliza form four 2007 matokeo hayakuwa ya kujivunia, nikaenda kukaa kwa fundi mmoja Kariakoo miaka kama mitatu nikajifunza kushona, sketi za shule, mashati, vitenge vya kawaida nilikua naweza, magauni ya harusi hapana. Baadae nikawa nashona kwa kulipwa kwa pisi. 2014 nikapata mtoto wa kwanza na baba watoto akasema wewe tulia lea, kuhangaika niachie mimi, na sikubisha kwa sababu kipindi kile hali ilikua nzuri na mimi mwenyewe nilikua nimechoka kugombania daladala saa kumi na moja alfajiri.

Sasa hivi mdogo kaanza darasa la kwanza, nyumbani nabaki mwenyewe kuanzia saa moja asubuhi. Baba watoto anaendesha gari ya tajiri na hesabu haifiki, kuna siku anarudi na elfu tano, kuna siku anarudi na maneno. Kodi ni ya miezi mitatu mitatu na inakuja haraka kuliko mshahara wa mtu yoyote ninayemjua.

Jirani kaniambia kuna mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri haina riba. Nataka kujua je mtu kama mimi ambae sina biashara, sina cheti, sina hata pa kuanzia naweza kupata? Ni lazima kikundi? Na kuna msaada mwingine wowote wa serikali kwa watu wa namna hii yangu? Maana kila tangazo la ajira naona linasema wahitimu wa vyuo. Mimi hata kusema nimekosa kazi siwezi kwa sababu sijawahi kuitafuta, kwenye fomu za shule za watoto pale kwenye kazi ya mzazi naandika mama wa nyumbani basi naruka mstari unaofuata.

mzee_kijiwe:
Hizo hela zina wenyewe dada. Anza na maandazi.

karani_wa_zamani:
Mzee kijiwe kila uzi wewe ni maandazi tu. Ngoja niweke sawa kwa sababu hili jambo watu wanalichanganya sana.

Dada, hii sio hela ya chama na wala sio ruzuku. Kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Zamani lilikua agizo tu, halmashauri ikijisikia inatenga isipojisikia hela inaenda kwenye mafuta ya magari, mpaka 2018 ndio ikaingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa na riba ikaondolewa. Kwaiyo kikundi kikikopa milioni 6 kinarudisha milioni 6. Sikia hilo neno KINARUDISHA, maana wengi walichukua wakidhani ni zawadi, na Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo nchi nzima baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorudi. Ikarudishwa mwaka wa fedha 2024/25 na utaratibu mpya, kuna halmashauri 10 zikachaguliwa za majaribio kutoa kupitia benki na Jiji la Dar es Salaam ni mojawapo, na Kivule ipo Jiji. Kwaiyo ukienda uliza kabisa kwenu hela inapitia wapi usije ukazungushwa.

Swali lako la biashara. Kanuni zinasema kikundi kiwe kinafanya shughuli za ujasiriamali au KINAKUSUDIA kuanzisha. Hilo neno kinakusudia ndio lako, likariri. Ila nikuambie ukweli wa mezani, yule anaepitia maombi akiwekewa kikundi cha wenye mradi unaotembea na kikundi cha wanaokusudia, mkono unaenda kwa wenye mradi, sio kwa roho mbaya, na yeye anaulizwa marejesho. Kwaiyo hata kama ni cherehani moja ya kuazima, iwe inazunguka kabla hujaenda.

Na ndio kwa wanawake na vijana ni lazima kikundi, watu wasiopungua watano, wote wawe na akili timamu (hahaha imeandikwa), wasiwe na ajira rasmi. Barua ya serikali ya mtaa, katiba, akaunti ya benki ya kikundi, vitambulisho vya NIDA vya wote. Anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata, hatakiwi kukudai hata mia.

mtunza_hazina_moro:
Dada yangu mimi ngoja nikupe ya kwetu, nilikua mtunza hazina wa kikundi huku Morogoro kabla mikopo haijasimamishwa.

Tulikua wanawake watano. Andiko letu lilisema kuku wa nyama, banda moja, sote tunafuga pamoja. Tulihangaika miezi kibao, mara katiba irudiwe, mara mhuri, mara mwenzetu NIDA yake jina limeandikwa vingine na la benki vingine, hilo peke yake lilitula wiki sita. Hela ikaingia milioni 8 kwenye akaunti. Na shetani akaingia siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akasema jamani kuku wakifa tutalia wote, bora tugawane kila mtu afanye chake halafu marejesho tunachanga, na sisi kwa vile kila mtu alishakua na shida zake nyumbani tukaona ni hekima. Tukagawana milioni moja na laki sita kila mmoja.

Tulipewa miezi mitatu ya kujipanga halafu rejesho laki 5 kwa mwezi, yaani laki moja kila mtu. Mwezi wa pili wa marejesho mmoja wetu akasema anaenda Kahama kumuangalia binti yake kajifungua. Mpaka leo anamuangalia. Simu haipatikani. Mkataba unasomeka kikundi, hausomeki jina lake, kwaiyo tukabaki wanne kwa laki na elfu 25 kila mwezi kulipa hela ambayo hatukuila, na kuna mwezi mimi nilitoa hela ya ada ya mtoto nikaenda kulipa benki huku natetemeka.

Tumemaliza, tunashukuru. Lakini mtu akija kuniambia mikopo haina riba huwa namwambia riba yake ni watu. Usichague wanaoongea vizuri kikaoni. Chagua mtu ambae ulishamuona amekasirika, unayepajua kwao, na kama mnaweza fanyeni kitu kimoja kwenye chumba kimoja, cherehani tano zikae pamoja, atakaeondoka aondoke mwili tu.

shoga_wa_chanika:
"Bora tugawane" hahahaha hilo neno limeua vikundi vingapi nchi hii.

Dada sindano mimi nina onyo moja tu, wakati unasubiri mambo ya halmashauri usije ukaingia kwenye kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kali. Mimi niliingia nikisema nachukua laki tatu ya kuanzia tu, wakaandika friji na TV kwenye karatasi, nikaona ah karatasi tu. Rejesho ni la kila siku, hata siku ya msiba wanakuja, wanakaa hapo nje na mabuku yao. Walivyobeba friji yangu kulikua na kilo mbili za nyama ndani na samaki wa jirani, nikawakimbilia nao mpaka barabarani nikiomba angalau niwatoe samaki wa watu.

mchambuzi_mtaa:
Kitu alichosema mleta mada kwamba hawezi hata kusema amekosa kazi kimenigusa sana, watu mmekipita. Kwa kipimo cha ILO, shirika la kazi duniani, ili uhesabiwe huna ajira unatakiwa uwe huna kazi, uwe tayari kuanza, NA uwe umetafuta. Usipotafuta unahamishiwa nje ya nguvukazi, kapu moja na mwanafunzi na mzee wa miaka 80. Kwaiyo nchi inaweza ikapambana na ukosefu wa ajira mwaka mzima na huyu dada hayumo kwenye hesabu.

Halafu angalia mipango yenyewe imepangwaje. TaESA, wakala wa ajira wa serikali, wanapeleka wahitimu kwenye mafunzo kazini, sawa, lakini ni wahitimu. Uanagenzi wa serikali, yaani kujifunza ufundi kazini, ni kijana mwisho miaka 35, dada amekosa kwa mwaka mmoja. BBT, ule mpango wa kilimo wa vijana wa wizara ya kilimo, mashamba makubwa Chinangali kule Dodoma, vijana tena. Mama wa 36 wa form four aliyekua analea hana dirisha lake, dirisha lake ni moja tu hilo la asilimia 4, na hilo nalo linampa deni, halimpi kazi. Wenzetu nchi nyingine mtu kama huyu anapangiwa mshauri anakaa nae anamuuliza unaweza nini, watoto unawaacha na nani, unaogopa nini. Sisi huku afisa maendeleo mmoja ana kata nzima na ndio huyo huyo wa ndoa zilizogombana.

bi_mkubwa_tz:
Mwanangu mchambuzi nje ya nguvukazi ndio wapi huko? Mtu anaamka saa kumi, anafua, anapika, anaogesha, anauguza, mnasema hana kazi. Andika vizuri.

mchambuzi_mtaa:
Shikamoo mama, sijasema mimi, ni hivyo vipimo vyao. Na kwa haki niseme hapa kwetu kipimo cha kitaifa hakikazii sana hilo sharti la kutafuta.

bi_mkubwa_tz:
Marahaba. Basi waambie na hao wa ILO.

fundi_bomba_75:
Dada kuna kitu hapa hakijatajwa na kwako kinafaa kabisa, urasimishaji wa ujuzi. Mimi ni fundi bomba miaka 12 bila karatasi yoyote, nilijifunza kwa marehemu mjomba. Ukaja mpango wa serikali chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kushirikiana na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wale tuliojifunza mtaani tunapimwa na kupewa cheti. Hawakunirudisha form one, walinipa mabomba na fitingi wakasema unga tuone, wakanifundisha kidogo pale nilipokua naunga kienyeji na mambo ya usalama kazini, awamu yangu serikali ililipa. Na ushonaji upo, tulikua na akina mama kwenye kundi jingine na mashine zao wengine wana miaka 20 wanashona.

Cheti hakikuniletea kazi mlangoni nisikudanganye. Kilichobadilika ni kwamba mkandarasi akiniuliza una karatasi sasa natoa, kabla ya hapo nilikua nafanya kazi halafu anaeandikwa ni mwingine mwenye cheti na mimi napewa ya soda. Nenda VETA iliyo karibu uliza wanapokea lini, usisubiri uone tangazo mtandaoni kwa sababu mengi yanabandikwa ukutani tu.

kiatu_tanga:
Mimi nina ulemavu wa miguu, fundi viatu. Kwa sisi inaruhusiwa kuomba mtu mmoja mmoja bila kikundi nami nilipata hivyo, nikanunua mashine ya kushonea soli na ngozi. Nasema hivi kwa sababu kuna wenzangu wanahangaika kutafuta wa kujaza idadi mpaka wanaokota watu wazima wasio na ulemavu wanawaandika wanao. Msifanye hivyo jamani, ndio walichokikuta wakaguzi.

msafiri_254:
Niko Kenya, nimesoma hii yote nikacheka nikalia. Huku pia mifuko ya mikopo ya serikali, Uwezo Fund na Women Enterprise Fund, inataka grupu. Ile ya mtu binafsi ni Hustler Fund ilianza Novemba 2022, inaingia kwa simu dakika moja, riba asilimia 8 kwa mwaka, lakini unaanza na mia tano tu ya Kenya. Sasa mia tano utafungua biashara gani, unanunua unga na sukuma unangoja siku ya kulipa. Kitu ilisaidia mamangu kusema ukweli si mkopo, ni tenda. Serikali hutenga asilimia 30 ya tenda kwa wamama, vijana na walemavu, chama chao kikapewa kushonea hospitali ndogo mapazia. Malipo ilichelewa mpaka wakasahau, lakini ililipwa.

karani_wa_zamani:
Msafiri asante, na huku ipo, sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalum, mnajisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa tenda mtandaoni. Vikundi vingi havijui. Zahanati na vituo vya afya vinanunua mashuka kila mwaka, na shuka halina mkono wala kola, ni kupinda tu pembeni. Anaeshona sketi ya shule shuka anashona amefumba macho.

mwana_singida:
Na TASAF je, ule mfuko wa maendeleo ya jamii? Mama yangu yupo huku kijijini anafanya zile kazi za muda, wanachimba lambo, elfu tatu kwa siku.

karani_wa_zamani:
TASAF ni kaya maskini na majina yanapitishwa kwenye mkutano wa hadhara, wewe huendi kuomba. Mwenye mume anaendesha gari Dar mkutano hautampitisha, watamzomea.

sindano_na_uzi:
Jamani nimerudi, samahani mtoto alikua na homa siku zote hizi. Kwanza asanteni sana sikutegemea, hata mzee kijiwe asante kwa maandazi.

Nimeenda. Ofisi ya mtaa nilikaa kwenye benchi masaa mawili nikataka kuondoka maana nilijihisi kama kila mtu ananiangalia huyu anafata nini, miaka yote hii ofisi naijua kwa ajili ya barua ya shule tu. Kumbe yule dada wa maendeleo ya jamii wa kata ni binti mdogo mpole sana. Akaniuliza unafanya shughuli gani, nikabaki kimya, nikakumbuka lile neno nikasema nakusudia kushona. Akacheka akasema haya kaa. Kanipa mfano wa katiba nikapige kopi, kasema nirudi na watu watano na wazo moja sio matano, na kweli kwetu inapitia benki kwaiyo wao watatuchambua kabla, benki nayo itatuchambua tena.

Watu ninao kidogo. Tuna mchezo hapa mtaani tupo kumi na mbili tunatoa elfu kumi kila wiki kwa kijumbe, mwaka wa tatu huu, nikawafata watatu ambao hawajawahi kuchelewesha hata siku moja. Wawili wanajua kushona kabisa, mmoja wao ana ovaloki ya mtumba ndani imefunikwa shuka toka aache kazi kiwandani. Mmoja hajui kushona ila anauza genge na anajua hesabu kuliko sisi wote na ndio tunataka awe wa hela. Cherehani yangu ya miguu ipo kwa mama Kilosa, ameniambia anaikalishia ndoo, nimetuma nauli ya boda iletwe mpaka stendi.

Baba watoto kwanza alinuna siku mbili. Jana usiku kasema kama ni sketi za shule mfate mwalimu mkuu mapema kabla Januari haijafika, nikajua ameshakubali.

Sasa tatizo. Wa tano ni wifi yangu, dada wa mume. Kashona zamani na anataka sana, na nikimuacha maneno yatafika mpaka ukweni. Mnanishaurije?

shoga_wa_chanika:
Muache. Utanishukuru.

bi_mkubwa_tz:
Wifi ni ndugu, umkimbize uende wapi. Mkae chini muandikishane kila kitu, na mdogo wako huyo wa genge asiwe mtu wa kuona aibu kudai.

fundi_bomba_75:
Mpeni kazi ya kushona kwa pisi asiwe mwanachama. Anapata hela, hasaini mkataba.

mtunza_hazina_moro:
Kabla hatujafika huko. Huyo wifi ukimkopesha elfu tano anarudisha?

sindano_na_uzi:
Dada... ana sufuria langu kubwa la pilau toka Ramadhani.